Sheria za dharura za korona: tarehe ya mwisho iliandikwa, lakini nani alikuwa anaisogeza?

Mzee wa Vifungu (mleta mada)

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuweka kiporo tangu enzi za barakoa, leo nimepata nafasi nauanika. Kazi yangu ni kuandika miswada, sio wakili wa kusimama mbele ya jaji, mimi ni yule mtu wa nyuma ya pazia anayegombana na koma na neno "au" mpaka usiku wa manane. Kipindi kile cha korona dunia nzima ilikuwa inabishana kuhusu kufungiwa ndani na chanjo na kukaa mbalimbali, sawa, ila mimi kila sheria ya dharura iliyokuwa inatoka nchi yoyote nilikuwa naifungua kinyumenyume, naanzia mkiani. Kule mkiani ndo kuna kifungu cha ukomo, kile kinachosema sheria hii itakoma kutumika tarehe fulani.

Watu wengi wakiona tarehe wanaridhika. Si wameweka mwisho bana, shida iko wapi. Shida ni kwamba tarehe peke yake haina meno. Soma mstari unaofuata, ule unaosema nani anaruhusiwa kuisogeza, mara ngapi, na siku ya kuisogeza anatakiwa akamuombe nani. Hapo ndo utajua umepewa sheria ya muda au umepewa sheria ya kudumu inayolipa pango kila mwezi.

Mfano ninaoupenda ni Scotland. Bunge lao lilipitisha sheria ya kwanza ya korona ndani ya siku moja, tarehe 1 Aprili 2020. Siku moja! Kwa sisi mafundi wa hii kazi hiyo ni kama kupaua nyumba usiku kwa mwanga wa tochi. Na kuna sehemu paa lilivuja kweli, nitafika huko. Ila mkiani waliandika jambo la akili: sheria inakufa tarehe 30 Septemba 2020, mawaziri wanaweza kuiongezea miezi sita, wakapenda waongeze tena miezi sita, basi. Mara mbili tu. Baada ya hapo ni ukuta, 30 Septemba 2021, waziri hata alie machozi ya damu hasogezi hata siku moja.

Ikafika Juni 2021, ugonjwa bado upo, kirusi kipya cha Delta kimechachamaa, serikali ikaugonga ukuta. Ikabidi irudi bungeni na mswada mpya kuomba muda, ukapita fasta tarehe 24 Juni, wapinzani wakilalamika kwamba wanaburuzwa. Sasa hapa ndo utamu ulipo, jina la sheria ile lina mambo mawili ndani yake, kuongeza muda na kukoma. Kwa sababu ukishalazimishwa kurudi kuomba huwezi kubeba gunia zima bila kulifungua, inabidi utoe kimoja kimoja, hiki bado tunakihitaji kiende mpaka 31 Machi 2022, hiki kazi yake imeisha kife Septemba hii hii. Kazi ya ukuta ni hiyo, inamlazimisha mtu apekue gunia lake mwenyewe mbele za watu.

Ile sehemu ya paa kuvuja: sheria yao ya kwanza iliziongezea ofisi za umma muda wa kumjibu mwananchi anayeomba taarifa, kutoka siku 20 za kazi hadi 60. Yaani kipindi serikali ina madaraka makubwa kuliko wakati wowote ndo kipindi ina ruhusa ya kukaa kimya miezi mitatu. Watu wakapiga kelele, na Mei 2020 hiyo hiyo sheria ya pili ikarudisha 20. Haikusubiriwa Septemba. Kwa hiyo kifungu kibaya sio lazima kisubiri tarehe yake, kinaweza kuuliwa mapema kama kuna mtu anakisoma.

Geuka upande wa pili, Afrika Kusini. Walitumia sheria yao ya kusimamia maafa ya mwaka 2002. Hali ya maafa ilitangazwa 15 Machi 2020, kisheria inakufa yenyewe baada ya miezi mitatu, isipokuwa waziri akiiongeza kwa tangazo kwenye gazeti la serikali, mwezi mmoja mmoja. Ukisikia mwezi mmoja unasema ah safi, kamba fupi. Lakini mwezi mmoja mara ngapi? Sheria haisemi. Bunge linapiga kura? Halipigi. Kwa hiyo tangazo moja, tangazo lingine, mpaka Aprili 2022. Miaka miwili ya mwezi mmoja mmoja.

Na Hungary ndo walitoa kali, sheria yao ya tarehe 30 Machi 2020 haikuwa na tarehe kabisa, madaraka ya kutawala kwa amri mpaka serikali itakapoona hatari imeisha. Dunia ikapiga kelele, Juni wakaifuta, na siku ileile ya kupitisha ufutaji wakapitisha nyingine inayofungua mlango mwingine. Mwaka 2022 hali ya hatari ikahamia kwenye vita vya Ukraine. Mgonjwa kapona, kitanda kimebaki.

Karibuni tujadili. Nataka hasa kumsikia mtu aliyekuwa ndani ya sheria ya muda siku inaisha.

Kipanga Mbishi

Mleta mada umeandika vizuri ila mimi napinga. Virusi havisomi kalenda. Nyie watu wa vifungu mnapenda kuta, sasa fikiria ukuta wako umeangukia wiki ambayo wimbi jipya limeanza, hospitali zimejaa mpaka koridoni, halafu waziri anaambiwa subiri kwanza wabunge mia kadhaa wakusanyike kwenye ukumbi mmoja wakoholeane wakijadili muda. Huo si ndo ujinga wenyewe? Kama madaktari wanasema bado hatari ipo basi ipo, tarehe aliyoandika mtu mwaka jana bila kujua kitakachotokea haiwezi kumzidi daktari wa leo.

Nyundo Ndogo

Kipanga umegonga mulemule. Nakaa pale nasubiri majibu.

Mzee wa Vifungu (mleta mada)

Kipanga hoja yako ni nzito na siikwepi. Kuongeza muda sio dhambi, ugonjwa ulidumu kweli, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitangaza dharura 30 Januari 2020 na halikuiondoa mpaka 5 Mei 2023. Asiyetaka kuongeza kabisa naye haishi duniani.

Ila daktari anajibu swali moja tu, ugonjwa upo au haupo. Hajibu kama kifungu namba 14 kinachomruhusu fulani kumfunga fulani bado kina kazi. Hayo ni maswali mawili na kila siku yalikuwa yanachanganywa makusudi. Uingereza walikuwa na sheria kubwa ya korona ya tarehe 25 Machi 2020, ukomo miaka miwili, na kila miezi sita bunge linapiga kura. Inapendeza kwenye karatasi. Sasa kura yenyewe ilikuwa hivi, mnakubali vifungu vya muda vya sheria hii visikome bado, ndiyo au hapana. Gunia zima! Ndani ya gunia kuna msaada wa fedha kwa wagonjwa, kuna ulinzi wa wapangaji, na kuna madaraka ya polisi kumshika mtu anayedhaniwa ana maambukizi. Mbunge gani atasema hapana aonekane amewanyima wagonjwa hela? Wote wanapiga ndiyo na madaraka ya polisi yanapita chini ya meza.

Na yale madaraka ya polisi unajua yalitumikaje? Waendesha mashtaka wa England na Wales walipitia kesi za wiki za mwanzo, kesi 44 zilizofunguliwa chini ya sheria hiyo, wakakuta zote 44 zimefunguliwa kimakosa. Zote. Halafu kifungu kikaendelea kuongezewa muda pamoja na wenzake.

Kuhusu bunge kukusanyika, fundi mzuri anaweka ngazi mbili. Waziri anaongeza leo kwa sababu moto unawaka, lakini nyongeza yake ina siku chache za kuishi, bunge lisipoibariki inakufa. New Zealand walienda hivyo kwa njia yao, sheria yao ya Mei 2020 bunge lilikuwa linatakiwa kuihuisha kila siku 90 na likikaa kimya sheria inajifuta yenyewe. Kukaa kimya ndo neno muhimu hapo. Kuna sheria ambazo wabunge wakilala zinaendelea, na kuna ambazo wabunge wakilala zinakufa. Mimi nataka hizi za pili.

Shangazi wa Katiba

Naomba niongezee nyama. Mmeongelea tarehe na idadi ya kuongeza, kuna kitu kingine, idadi ya kura. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 58 ina kitu kitamu mno, hali ya hatari ikitangazwa inaishi siku 14 tu, kuiongeza mara ya kwanza unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, kuiongeza tena baada ya hapo unahitaji robo tatu. Yaani kila unapoomba muda ngazi inakuwa ndefu zaidi. Kawaida ya binadamu ni kinyume, mara ya kwanza mnabishana mara ya tano mnapitisha mkiwa mnasinzia.

Sasa sikia kichekesho. Korona ilipokuja hawakuigusa hiyo ibara. Amri ya kutotoka nje usiku ilitolewa chini ya sheria ya kawaida ya usalama wa umma, ikaanza 27 Machi 2020, ikaongezwa na kuongezwa, na ikaja kuondolewa 20 Oktoba 2021. Ile ngazi ndefu ya theluthi mbili hakuna aliyeipanda. Kwa hiyo mleta mada, ukuta wako ukiwa mrefu sana watu hawaurukii, wanapita mlango wa jikoni.

Mzee wa Vifungu (mleta mada)

Shangazi kula tano. Hilo la mlango wa jikoni nilikuwa nimelipitia juujuu na ndo linalonisumbua kuliko yote. Nchi kibao zilitumia sheria za afya ya jamii za zamani ambazo hazina ukomo kabisa maana zilitungwa kwa ajili ya kuzuia kijiji kimoja chenye kipindupindu, sio taifa zima kwa mwaka na nusu. Hata Uingereza kufungia watu ndani kulitoka kwenye kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya mwaka 1984, ile sheria kubwa ya 2020 iliyokuwa inapigiwa kelele na kura kila miezi sita haikuwa hata na lile katazo la kutoka nje. Watu walikuwa wanalinda mlango ambao mwizi hapiti.

Babu Kumbukumbu

Vijana mnashangaa korona, someni historia. Waingereza hao hao kodi ya mapato waziri mkuu wao Robert Peel aliirudisha mwaka 1842 akasema ni ya miaka mitatu tu. Mpaka kesho kisheria ni kodi ya muda, inaisha kila tarehe 5 Aprili na kila mwaka bunge linaipitisha upya. Kwenye vita vya kwanza vya dunia wakabana masaa ya kufungua baa ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasilewe mchana, vita ikaisha 1918, baa zikaja kuruhusiwa kufungua mchana kutwa mwaka 1988. Miaka 70 watu wanazuiwa kunywa mchana kwa sababu ya makombora ambayo yalishalipuka zamani.

Na ile sheria yao ya kupambana na ugaidi ya 1974 jina lake kabisa lilikuwa na maneno "masharti ya muda". Ilipitishwa ndani ya siku chache baada ya mabomu ya Birmingham, ikahuishwa na kuandikwa upya tena na tena mpaka mwaka 2000, ilipotungwa sheria ya kudumu ikachukua nafasi yake.

Wamarekani nao wana hali ya dharura kuhusu Iran aliyoitangaza rais Carter Novemba 1979. Inahuishwa kila mwaka. Kuna watu humu wana wajukuu na hawakuwa wamezaliwa.

Sitaki Presha

Babu hiyo ya baa imeniuma kwa niaba yao 😂😂

Kipanga Mbishi

Babu mifano yako mizuri ila inanisaidia mimi. Kodi ya mapato si inatakiwa? Kuna nchi inaendeshwa bila kodi? Kitu kikianza cha muda kikaonekana kina faida kikabaki, tatizo nini.

Mama Pango

Mimi naomba niingie kwa upande ambao wanaume humu mmeusahau. Mnaongea kama vile sheria zote za dharura zilikuwa za kutubana. Zingine ndo zilikuwa zimetubeba mgongoni jamani.

Nilipokuwa nakaa kulikuwa na amri ya muda kwamba mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa deni la kodi la kipindi kile. Biashara ilikuwa imekufa, nina watoto wawili, ile amri ndo ilikuwa paa langu. Ikaongezwa mara ya kwanza, tena siku tatu kabla haijaisha, hizo siku tatu hujui kama ufunge mizigo au usifunge. Ikaongezwa mara ya pili siku moja kabla. Mara ya tatu tukajua itaongezwa tu kama kawaida, si ndo walivyotuzoesha, haikuongezwa. Tarehe moja asubuhi barua iko chini ya mlango, na mwenye nyumba aliichapa kabla maana ilikuwa imekunjwa imenyooka na mhuri umekauka. Yeye alikuwa anaijua tarehe kuliko mimi.

Kwa hiyo mkiongelea ukomo muongelee na huo. Sheria ikifa ghafla kuna mtu anaangukiwa.

Mzee wa Vifungu (mleta mada)

Pole sana dada yangu, na umenisahihisha, uzi wangu wa mwanzo kweli ulielemea upande mmoja.

Hicho unachosema kilitokea kwa ukubwa wa kutisha Marekani. Dharura ya afya ilikuwa inahuishwa kila siku 90, na kipindi chote hicho majimbo yalizuiwa kumtoa mtu kwenye bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, Medicaid. Miaka mitatu hakuna anayetolewa, hakuna anayejaza fomu upya, watu wamehama nyumba, wamebadili simu. Kinga hiyo ilikatwa 31 Machi 2023 na majimbo yakaanza kupitia majina, zaidi ya watu milioni 20 wakaondolewa, na wengi sana sababu haikuwa kwamba hawastahili tena, ni karatasi tu, barua imeenda anwani ya zamani, haikujibiwa, jina likakatwa. Tarehe ya mwisho ilijulikana kabla, kilichokosekana ni maandalizi ya siku ya pili yake.

Na kuhusu wapangaji, huko huko Marekani katazo la kuwatoa watu lilitolewa na kituo cha kudhibiti magonjwa Septemba 2020 chini ya sheria ya afya ya zamani, likasogezwa, likasogezwa, likaisha 31 Julai 2021, siku chache baadaye wakatoa lingine jipya, na 26 Agosti Mahakama yao ya Juu kabisa ikalivunja, ikasema kama mnataka hili liendelee nendeni kwa Kongresi. Mtu alilala ana kinga akaamka hana. Wangeenda bungeni mapema ikatungwa sheria yenyewe ya wapangaji ingesimama imara zaidi. Kwa hiyo Kipanga, hata anayetaka kuongeza kwa nia njema anatakiwa aulize kama mkono anaoongeza nao ni wa kwake.

Na jibu la swali lako la kitu chenye faida kubaki: kibaki, ila kipite mlango wa mbele. Scotland walifanya hivyo mwaka 2022, wakatunga sheria ya kawaida ikachagua vichache vya kubaki daima. Kwa mfano deni la chini la mdai kuomba mtu atangazwe amefilisika lilikuwa pauni 3,000, kipindi cha korona wakapandisha mpaka 10,000 kwa muda, kisha wakakaa wakajadili wakaliweka 5,000 moja kwa moja. Wala hawakunakili ile ya dharura kama ilivyo. Ufaransa nao walishapita njia hiyo kwa ugaidi, hali ya hatari ya Novemba 2015 ikaongezwa mpaka ikachosha, mwaka 2017 ikamalizwa kwa sheria ya kawaida iliyobeba baadhi ya madaraka yale yale. Hapo wengine watasema ni ujanja wa kufanya dharura iwe maisha, na mimi nusu nakubaliana nao. Ila angalau unajua umesaini nini.

Karani Mstaafu

Mimi niliwahi kufanya kazi ya nyaraka. Kuna kitu kidogo ila kinaua, ni zile nyaraka zilizofanyika wakati sheria ya muda iko hai. England na Wales waliruhusu mashahidi wa wosia washuhudie kwa video badala ya kusimama chumbani na anayesaini, kuanzia wosia wa 31 Januari 2020. Ilikuwa iishe baada ya miaka miwili, wakaongeza miwili, ikaisha 31 Januari 2024. Wosia wa video wa siku hiyo ya mwisho uko salama hata mwenyewe akifa miaka 30 baadaye. Wa kesho yake ni karatasi tu. Na mwenye wosia ndo hayupo tena wa kuulizwa ulisaini lini.

Nyundo Ndogo

Aisee Karani hiyo ya mwenye wosia kutokuwepo sikuwahi kuifikiria.

Gari Kubwa

Wakuu mimi ni dereva, sio mtu wa sheria, nimesoma uzi wote nimepaki pembeni. Nina swali na linaniuma tangu kipindi kile.

Amri ya kutotembea usiku ilikuwa imeandikwa inaisha tarehe 14. Redioni jioni ya 14 wakasema itaongezwa, tangazo lenyewe linakuja. Mimi nilikuwa na mzigo wa kawaida, sio chakula wala dawa, kwa hiyo sina kibali cha usiku. Nikasubiri mpaka saa sita usiku ikapita, nikasema amri si imeisha, nikawasha. Saa tisa usiku nikakamatwa kizuizini. Askari ananiambia amri imeongezwa, namuuliza imeongezwa wapi, ananiambia hukusikia redio? Nikalala kituoni, asubuhi nikalipa faini ndo wakaniachia gari. Lile tangazo nimekuja kuliona limechapishwa gazetini tarehe 15, na dereva mwenzangu aliyekuwa mjini anasema saa nne asubuhi ndo lilibandikwa. Sasa saa tisa usiku mimi nilivunja sheria gani?

Kipanga Mbishi

Hapo sasa hata mimi nimekwama. Labda tangazo lilisema linaanza kutumika tangu saa sita usiku?

Mzee wa Vifungu (mleta mada)

Gari Kubwa wewe ndo niliyekuwa nakusubiri tangu post ya kwanza.

Amri iliyokwisha kufa haiongezwi. Unaweza kusogeza tarehe ya kitu kilicho hai, kikishakata roho unatakiwa uzae kingine, na kilichozaliwa saa nne asubuhi hakiwezi kukukuta saa tisa usiku ukiwa njiani. Kipanga, hata wangeandika kwamba kinaanza kurudi nyuma kwa upande wa makosa ya jinai haisimami. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa ibara ya 15 inakataza kumuadhibu mtu kwa kitu ambacho hakikuwa kosa wakati anakifanya, na ibara ya 4 inayoruhusu nchi kulegeza baadhi ya haki wakati wa dharura imeitaja hiyo ya 15 kwa namba kabisa kwamba hailegezwi. Hata korona ikiwa ya kiwango gani.

Na redio sio sheria. New Zealand, nchi iliyosifiwa dunia nzima kwa jinsi ilivyopambana, kuanzia 26 Machi mpaka 3 Aprili 2020 watu waliambiwa na viongozi kwenye matangazo wakae ndani, lakini amri iliyoandikwa ya kuwalazimisha wote ilikuja baadaye. Kuna raia akaenda mahakamani, Agosti 2020 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kwa siku zile tisa zuio lile lilikuwa na sababu za msingi kiafya ila halikuwa limewekwa kwa mujibu wa sheria. Siku tisa tu, na majaji hawakuona aibu kuzihesabu.

Kwa hiyo jibu langu, kama amri ya kwanza iliisha saa sita na ya pili ikazaliwa saa nne, wewe ulikuwa barabarani kwenye masaa kumi ambayo hayakuwa na amri.

Babu Kumbukumbu

Subirini kwanza. Mtaani saa tisa usiku ile bado ni usiku wa tarehe 14, tunasema usiku wa 14 kuamkia 15. Siku kwetu inaanza kukipambazuka. Askari naye akisema "amri inaisha tarehe 14, na huu ni usiku wa 14" utamjibuje? Amri iliandika saa?

Gari Kubwa

Haikuandika saa babu. Iliandika tu "hadi tarehe 14".

Mzee wa Vifungu (mleta mada)

Babu umenichoma pabaya, maana hilo ni kosa la mwandishi wa amri, mtu wa kazi kama yangu. "Hadi tarehe 14" bila saa ni uvivu. Mahakama kawaida inahesabu siku inaisha saa sita usiku na mashaka kwenye adhabu yanamfaidisha mshtakiwa, kwa hiyo bado nakuona uko salama, lakini mwandishi angeandika "saa 5:59 usiku wa tarehe 14" mzozo huu usingekuwepo.

Gari Kubwa una risiti ya faini?

Gari Kubwa

Ninayo mkuu, sijaitupa. Imeandikwa tarehe 15. Saa haipo.

Karani Mstaafu

Tarehe 15 tupu haikusaidii, watasema ulikamatwa jioni ya 15 amri mpya ikiwa hai. Tafuta daftari la matukio la kituo, kule mtu anapoingizwa wanaandika na saa. Omba nakala kwa maandishi, usiende kuuliza kwa mdomo.

Gari Kubwa

Nilisaini kwenye daftari kubwa pale kaunta nikiwa naingia, na kwenye mstari wa juu yangu kulikuwa na jamaa wa pikipiki walimleta dakika chache kabla yangu. Saa iliandikwa, nakumbuka maana askari aliuliza mwenzake ni saa ngapi. Barua naanza kuiandika leo.